Shokapu za mtumba: chukua mbele nzima au acha

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na kuna waliokwisha kunitangazia kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa nauguza goti na aibu, na leo nataka kusema kitu ambacho washkaji zangu wa gereji hawatakipenda.

Mnaikumbuka ile Honda CG125 ya mzee. Kwa wageni, hii ni pikipiki ambayo Honda walianza kuitoa miaka ya 1970, na injini yake ikaja kunakiliwa sana na viwanda vya China, kwa hiyo ukipanda bodaboda kuna uwezekano umeshaikalia ndugu yake. Yangu ni ya zamani. Breki ya mbele ni ya dramu, shokapu nyembamba kama miguu ya korongo. Ukifunga breki inainama kama inasujudu, ukipita tuta inagonga "ko!" mpaka meno yanauma.

Basi boom lilipoingia nikaenda zangu Ilala. Nikakuta shokapu za pikipiki kubwa zaidi, nene, zinang'aa, na kalipa ya breki ya diski inaning'inia. Muuzaji alikuwa na mbele nzima ya hiyo pikipiki, yaani vishikio vya juu na chini, rimu, ekseli, masta, kila kitu. Mimi mjanja nikasema nabana matumizi, nikachukua miguu miwili na kalipa tu. Rimu yenye diski ikatoka kwa mtu mwingine, masta kwa mtu wa tatu. Vishikio vyangu vya zamani fundi akavikereza vipanuke. Pikipiki ikawa na ukoo wa watu wanne.

Kwa macho ilikuwa nzuri, nisidanganye. Wadada wawili waliigeukia. Ila shokapu zilikuwa ndefu, zikatokeza juu, ikabidi usukani uinuliwe ili usizigonge. Waya wa eksileta ukabaki ule ule. Siku ya tatu nimempakia mwenzangu wa chumba tunawahi testi, nikakata kona kali pale getini, waya ukavutika, injini ikapiga resi yenyewe. Nikakamata breki kwa kushtuka. Wote chini.

Mimi ni goti. Mwenzangu aliteguka kifundo cha mkono wa kuandikia. Alifanya testi mkono umefungwa bandeji, akatoka na nusu ya maswali. Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Sasa hoja yangu. Sisemi spea za mtumba ni mbaya. Nasema mbele ya pikipiki inabeba usukani na breki kwa pamoja, kwa hiyo ukiihamisha nusu nusu unacheza na maisha ya mtu aliyekaa nyuma yako. Chukua yote kutoka pikipiki moja, au acha. Masta, kwa mfano, ina ukubwa wake. Ukichukua ya pikipiki yenye diski mbili ukaifunga kwenye diski moja, breki inakuwa ngumu kama jiwe na haishiki inavyotakiwa. Na kishikio ukikikereza unakipunguza unene, halafu ndicho kinachokushikia tairi.

Hata ukichukua yote, pima. Bomba la shokapu livingirishe juu ya kioo. Likiyumba limepinda, usilinunue, maana nyingi zinatoka kwenye ajali na mbele ndiyo inayogonga kwanza. Linganisha urefu na zako za zamani. Mbele ikishuka sentimita mbili na nusu, pembe ya usukani inabadilika kama digrii moja, pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka na inaweza kuanza kutetereka kwenye mwendo. Springi nazo zimetengenezwa kwa uzito wa pikipiki yake. Ukikaa, shokapu zishuke kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote. Zangu hazikushuka hata kidogo, kwenye tuta nilikuwa naruka kama mbuzi. Mwisho, kabla hujatoka gereji, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, hujamaliza kazi. Dakika moja tu hiyo, mimi sikuwa nayo.

Na sasa aibu kubwa kuliko zote. Baada ya kuanguka nilirudisha zile za zamani, lakini safari hii nikazifungua kwanza. Mguu mmoja ulikuwa na mafuta kiduchu, meusi kama kahawa, mwingine karibu mkavu. Sili zimekufa. Gololi za usukani zimekula vikombe vyake. Nikaweka sili mpya, gololi mpya na vikombe vyake, mafuta namba 10 kwa kipimo sawa pande zote mbili. "Ko!" imekwisha. Bado inainama ukifunga breki, ndiyo, ni shokapu nyembamba za kizamani, lakini inakwenda inakoelekezwa. Gharama yake haikufika hata robo ya nilichomwaga Ilala. Miaka yote hiyo nilikuwa nailaumu pikipiki kwa uvivu wangu mwenyewe.

Najua mtasema mbona jamaa wa bodaboda wanabadilisha kila siku na wanadunda. Sawa, na wapo wanaofanya vizuri kuliko mafundi wengi. Ila muulize kwanza aliyefanya vizuri, utakuta alichukua mbele nzima.

Shokapu zile nene ziko chini ya kitanda changu. Siziuzi kwa mtu anayetaka miguu tu.

Ni hayo kwa leo wadau. Naenda kumnunulia mwenzangu chipsi mayai, deni bado refu.