Chumvi haina lawama
Anayechanganua maji ya bahari kwa umeme ili apate hidrojeni hukutana na kero moja: kloridi iliyomo kwenye chumvi hutafuna elektrodi chanya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliivisha nikeli yenye matundu kama sifongo utando wa salfaidi ya nikeli, na juu yake tabaka la nikeli na chuma. Elektrodi ambayo bila utando hufa kwa saa 12 ikavuka saa 1,000. Kazi nzuri, lakini tupige hesabu. Kilo moja ya hidrojeni hula takriban uniti 50 za umeme. Kuondoa chumvi kwenye lita 9 za maji inazozihitaji hakumalizi hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Tukitaka hidrojeni nafuu, tuanze na umeme nafuu.