Spitfire haikufika Wajir

Haya jamani, nimerudi. Habari za mahakamani zimenibana wiki mbili hizi, na kamuda kidogo nilikobaki nako nimekatumia kugombana na rafiki zangu kuhusu ndege. Ndiyo, ndege. Tena za mwaka 1940, tena za kwenye kompyuta!

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu. Tuko watu kama kumi, wengi Dar, wengine Nairobi na Mwanza, mmoja yuko Muscat, na usiku wa Jumamosi tunakutana kwenye intaneti kurusha ndege za Vita Kuu ya Pili kwa kutumia IL-2 Sturmovik, mchezo wa Warusi uliotoka mwaka 2001 ambao sisi bado hatujauchoka. Tumeshapigana juu ya Uingereza, juu ya Stalingrad, juu ya visiwa vya Pasifiki. Safari hii nikasema, kwa nini tusipigane kwetu? Wajir, Juni 1940. Wote wakashangilia, nami nikabebeshwa kazi ya kuandaa orodha ya ndege za kila upande.

Orodha ilipotoka, shangwe zikaisha. "Spitfire iko wapi?"

Haipo. Haipo kwa sababu haikuwepo. Spitfire za mapambano zilianza kutumwa nje ya Uingereza Machi 1942, zikaenda Malta. Wakati huo vita vya huku kwetu vilishamalizika, maana Waitaliano wa mwisho walisalimu amri Gondar, Ethiopia, Novemba 1941. Kuweka Spitfire juu ya Wajir ni sawa na kuandika habari ya Uhuru wa Tanganyika ukamweka rais wa awamu ya pili jukwaani anakabidhiwa bendera.

Wakanijibu jibu ambalo kila mtu analo mfukoni: ni mchezo tu. Sawa, ni mchezo. Kama ni mchezo tu, tubuni nchi yetu, tuipe jina, turushe hata ndege za rangi ya waridi, nami nitakuwa wa kwanza kuingia. Lakini ukishaandika juu kabisa "Wajir, Juni 1940", umetoa taarifa. Umesema mahali na umesema tarehe. Gazetini ukiweka mahali na tarehe juu ya habari ya kubuni wanakufukuza kazi, na wana haki. Sioni kwa nini nikifika nyumbani niwe mwongo kwa starehe.

Halafu cha kuchekesha ni kwamba ukweli wenyewe ni mtamu kuliko Spitfire. Hebu tazama. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Kesho yake tu, ndege za Afrika Kusini zilizokuwa Kenya zikaenda kupiga kambi ya Waitaliano karibu na Moyale. Ndege gani? Junkers Ju 86. Ndege ya Mjerumani! Shirika la South African Airways lilikuwa limezinunua kubebea abiria, vita vilipokuja zikageuzwa kuwa za mabomu. Kwa hiyo mabomu ya kwanza ya upande wa Mwingereza katika kona ile yalidondoshwa na ndege iliyobuniwa kwa Hitler. Mtu aliyebuni hilo kwenye filamu angeambiwa amezidisha.

Tarehe 13 alfajiri Waitaliano wakajibu. Caproni Ca.133 zikaipiga Wajir. Hiyo Caproni ni dude la injini tatu, zito, la mwendo wa pole, lililozoea kubeba askari na mizigo kama daladala. Upande wa Kenya wa kuizuia walikuwa na nini? Hurricane chache mno, na Hawker Fury, ndege yenye mabawa ya juu na ya chini kama ghorofa, mwendo wake wa juu kama kilomita 360 kwa saa. Waitaliano nao walikuwa na SM.79, ndege ya mabomu inayoipita Fury kwa mbali. Yaani mwindaji anaachwa na windo. Rubani wa Fury akiikuta SM.79 imeshageuza kurudi kwao, basi, aipungie mkono.

Hapo ndipo hoja ya pili ilipokuja: usawa. Kwamba mchezo hauwezi kunoga kama upande mmoja una Hurricane na mwingine una Fiat CR.42 ya mabawa ya ghorofa. Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu nimeshakaa saa mbili nikitunguliwa mfululizo, najua inavyouma. Hurricane inakimbia kama kilomita 520 kwa saa na ina bunduki nane. CR.42 haizidi sana 440 na ina mbili, ingawa ni nzito. Lakini CR.42 inageuka mahali padogo. Mario Visintini, rubani wa Kiitaliano aliyekuwa Eritrea, alihesabiwa ndege 16 akiwa na ndege hiyohiyo "mbovu" kabla ya kufa Februari 1941, ndege yake ilipogonga mlima. Ukiona Hurricane inakujia, usikimbie. Mgeukie.

Na usawa hautafutwi kwenye aina ya ndege, unatafutwa kwenye idadi na kazi. Hurricane ziwe mbili tu usiku mzima, atakayeziangusha arudi kwenye Fury akajifunze adabu. Waitaliano nao wawe na hesabu yao, maana njia ya meli kupitia Suez ilikuwa mkononi mwa Mwingereza. Unajua CR.42 za nyongeza zilifikaje? Zilifunguliwa vipande, zikapakiwa ndani ya ndege kubwa za mizigo za SM.82, zikarushwa mpaka huku. Ndege ndani ya tumbo la ndege! Kwa hiyo kwetu CR.42 ikianguka, mbadala wake unasubiriwa dakika arobaini. Nani ataniambia hilo halinogi?

Nakiri mahali ninapopwaya. Ju 86 sina kwenye mchezo, kwa hiyo nitaazima ndege nyingine ya injini mbili inayokaribiana nayo kwa mwendo na mzigo, na nitaliandika hilo kwa herufi kubwa kabla hatujaanza. Kuazima si kudanganya, mradi umesema.

Lakini nisijifanye kwamba nagombana kwa ajili ya bunduki na mwendo tu. Babu yangu alikuwa Keya. Alipita kule kaskazini kwa miguu, na nilipokuwa mdogo alikuwa akisema kitu kimoja tu kuhusu ndege: ukisikia mlio, unalala chini, hujui ni ya Mtaliani au ya kwenu. Sikumuuliza zaidi. Alipofariki nilikuwa bado naona vita ni kitu cha kwenye sinema, na kwenye sinema hizo Keya hawamo. Sasa nikiweka ndege zilizokuwepo kweli, angalau nakaribia ule mlio. Nikiweka Spitfire namfuta babu kwa mara ya pili, na safari hii ni mimi mwenyewe.

Na ukweli huu hauna upande wa kujivunia, nisikufiche msomaji. Caproni za aina hiyo zilikuwa Ethiopia mwaka 1935 na 1936, katika vita ambamo Waitaliano walimwaga gesi ya sumu kutoka angani. Marubani wa "upande wetu" nao walikuwa weupe wa Afrika Kusini, miaka minane kabla ya siasa ya ubaguzi kutangazwa rasmi, na sidhani kama yupo aliyemkaribisha askari wa Keya mezani kwake. Jamaa wa Muscat ameniuliza kwa hiyo tunamshangilia nani. Nimemwambia sijui, turushe kwanza.

Orodha yangu inabaki ilivyo. Spitfire hakuna. Tunaanza Jumamosi saa tatu usiku, na mpaka naandika hapa nafasi za Hurricane zimeshagombewa na watu sita, za Fury amejitokeza mmoja, na Caproni hajaitaka mtu. Mkikosekana kabisa, nitairusha mimi.