Shule na Nyumba: Nani atafundishwa kazi ya batri?



Hapa Katanga kila mmoja wetu amesikia maneno ya batri za magari yasiyokunywa mafuta. Hata watoto wanatuuliza kwenye kalasi: «Mwalimu, ni kweli tutazitengeneza huku kwetu?» Tunawajibu kwamba mapatano yapo. Mwezi wa Aprili 2022, huko Lusaka, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika kazi ya batri. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Marekani nayo ikatia sahihi ya kuunga mkono nchi hizo mbili. Sababu inaeleweka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika udongo wetu, na sisi tunaitazama tu ikipita Kasumbalesa juu ya malori.

Masomo hayakusahauliwa. Kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuliwekwa kituo cha utafiti na mafundisho ya batri, kwa kushirikiana na vyuo vikuu viwili vya Zambia, kile cha Lusaka na kile cha Kitwe. Ni jambo zuri, maana shaba haijui mpaka: iko Likasi na iko Kitwe, na Kibemba kinasikika pande zote mbili.

Lakini sisi walimu tuna swali. Kituo cha chuo kikuu kinatayarisha maenjinia na watafiti, na kiwanda hakiendeshwi na maenjinia peke yao. Kunahitajika watu wengi wa kupima, kuchanganya, kuchunga mashini, kutengeneza pampu ikiharibika, kuandika namba kwenye daftari saa kwa saa. Hao wanatoka shule za ufundi na INPP. Na kati yao, mabinti zetu watakuwa wangapi?

Tunauliza kwa sababu jambo hili si jipya. Wakati wa Wabelgiji, kampuni za migodi zilifundisha vijana wanaume kazi za atelie. Wake na mabinti walipelekwa kwenye foyer social kujifunza kushona, kupika na kulea mtoto. Hatudharau kushona hata kidogo. Ni watoto wangapi hapa mjini wamesomeshwa na cherehani ya mama yao! Lakini mshahara ulitoka kwa jina la mwanaume, na nyumba ya kampuni vilevile.

Pengine mama mmoja atasema: batri ni kemia, kazi ngumu, tuwaachie wanaume. Basi tuiangalie kazi yenyewe. Kitu ambacho nchi hizi mbili zinataka kuanza nacho si batri nzima, ni unga unaoitwa prekursa, ambao batri inatengenezwa nao baadaye. Wanachukua chumvi za kobalti, nikeli na manganezi, wanaziyeyusha katika maji. Maji hayo yanaingizwa polepole katika pipa kubwa pamoja na soda kostiki na amonia. Yanakorogwa bila kuacha, joto linapimwa, ukali wa maji unapimwa. Unga unajitenga na maji. Unachujwa, unaoshwa, unakaushwa.

Sasa, ni nani kati yetu asiyejua soda kostiki? Makundi yetu mangapi yanatengeneza sabuni! Mnajua kwamba soda ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, maana itaruka na kuchoma macho. Mnajua kupima kwa mizani, kwa sababu soda ikizidi sabuni inakula mikono, na ikipungua mafuta yanabaki. Mnavaa glavu, mnafungua madirisha, mnafukuza watoto mbali. Mama anayefanya hivyo kila juma asiambiwe kwamba binti yake hawezi kemia.

Tofauti ipo, tusidanganyane. Kwenye kiwanda mtu hakadirii kwa jicho, anasoma namba na kuziandika. Amonia inaharibu mapafu, na vumbi ya nikeli ni mbaya kwa mwili. Kwa hiyo mafundisho si ya kupata karatasi tu, ni ya kulinda mwili wa mfanyakazi. Asiyefundishwa atachukuliwa pia, lakini atapewa fagio, na atafagia vumbi ile ile bila kujua ni kitu gani.

Kwa mtoto wa shule, mlango ni mwaka wa nane. Mwisho wa mwaka huo kuna TENASOSP, kisha anachagua seksio. Hapo tunaona jambo linalotuumiza: binti mwenye pointi nzuri za hesabu anaandikwa kwenye kushona, kwa sababu shule iko karibu, ao shangazi alisoma hiyo, ao «umeme si kazi ya mtoto mwanamke». Kaka yake mwenye pointi ndogo anaandikwa kemia. Miaka minne baadaye kampuni inatafuta watu, na binti hana karatasi ya kuonyesha. Hakuna aliyemfukuza, hakuwekwa kwenye mstari tangu mwanzo.

Kwa binti aliyeacha shule, ao aliyemaliza na anakaa nyumbani, mlango mwingine ni INPP. Taasisi hii ya serikali ilianzishwa mwaka 1964, na Ujapani ilisaidia kujenga majengo yake ya hapa Lubumbashi. Wamama wengi hawajui kwamba makampuni yanalipa huko mchango juu ya mishahara: 3 kwa mia kwa kampuni ya kipekee yenye wafanyakazi wasiopita 50, na 1 kwa mia kwa ile yenye zaidi ya 300. Feza hizo ni za kufundisha watu kazi. Ukienda kuulizia nafasi ya binti yako, hauombi sadaka.

Neno moja juu ya Kiingereza. Zambia inasomesha kwa Kiingereza, na fundi wetu atakayetumwa kujifunza Kitwe atakuta mashini zimeandikwa hivyo. Kwenye shule zetu somo hilo linachukuliwa kama la kupitisha saa. Muwaulize watoto wameandika nini katika daftari la Kiingereza juma hili.

Makundi yenye likelemba yanaweza kuweka zamu moja kando kwa ajili ya koti, glavu na viatu vya atelie vya binti anayeingia seksio ya ufundi. Mara nyingi ni vitu hivyo vinavyomrudisha nyumbani, si hesabu. Na kabla ya kuandikisha, leteni bulletini ya mwaka wa saba na ya mwaka wa nane, tuangalie pointi pamoja, binti mwenyewe akiwepo. Jumamosi kisha masomo tunaketi na kundi lolote litakalotuita.