Mboni Nyeupe Katika Picha



Sisi tuishio ugenini hatuna hazina ipitayo picha za watoto. Za huku Uingereza twazipeleka nyumbani, na za nyumbani twazipokea kwa furaha. Mwezi huu twawaomba mzitazame tena, hasa mboni za macho.

Picha ikipigwa kwa taa ya kamera, mboni huonekana nyeusi au nyekundu. Mboni moja ikionekana nyeupe, mpelekeni mtoto kwa daktari bila kukawia. Huenda ni pembe ya mwanga tu, au mtoto wa jicho. Lakini huenda ni saratani ya retina, ambayo humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na aghalabu hajatimiza miaka 5.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga. Unapoumbwa, seli zake hugawanyika kwa wingi, kisha hutakiwa zikome. Jeni iitwayo RB1, iliyotambuliwa mwaka 1986, ni miongoni mwa walinzi waziambiao seli hizo, "Basi." Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo. Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alikwisha kueleza kwamba ugonjwa huu huhitaji mapigo mawili. Leo twajua kuwa mapigo hayo ni kuharibika kwa nakala zote mbili.

Baadhi ya watoto huzaliwa na nakala moja iliyokwisha haribika. Mzazi mwenye kasoro hiyo aweza kumrithisha kila mtoto wake, nusu kwa nusu. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa nao hupimwa. Hata hivyo, mara nyingi kasoro huzuka yenyewe, wazazi wote wawili wakiwa hawana. Basi tusimlaumu mama kwa alichokula, wala jirani kwa kijicho.

Hapa Uingereza, ambako watoto hao hutibiwa katika hospitali maalumu za London na Birmingham, karibu wote hupona. Huko kwetu wengi hufikishwa kwa daktari wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo, mkiiona mboni nyeupe katika picha iliyotoka nyumbani, msijibu "Mashaallah" mkanyamaza. Pigeni simu siku hiyo hiyo.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini leo tumethubutu kuwaambia: tazameni.