Mibofyo 118, Ziara 43: Tuamini Ipi?

Mwezi huu naweka kando presha na sukari, maana kuna jambo limetugawa hapa Berea, na nina hakika vyama vingi vya Waswahili walioko ughaibuni vinalo au vitalipata.

Chama chetu cha familia na wanafunzi kina tovuti ndogo. Kila mwaka tunachanga kuilipia, na tunampa mwanafunzi mmoja kifuta jasho ili azipitie kurasa zisichakae. Kuna kurasa za vyumba vya kupanga, za shule, na mmoja nilioandika mimi kuhusu chanjo za watoto wanaohamia Afrika Kusini. Ukurasa huo una sababu. Huku mtoto hupewa chanjo ya surua akiwa na miezi 6 na tena miezi 12, ilhali Tanzania na Kenya ni miezi 9 na 18. Mama akitua Durban na mtoto wa miezi 7 anajua yuko sawa kabisa na ratiba, kumbe kwa hesabu ya huku mtoto ana dozi ambayo hajapata.

Basi mweka hazina wetu, kaka mpole ambaye kazi yake ni uhasibu, akaja kikaoni na karatasi mbili. Ya kwanza, kutoka Google Search Console, ilisema mwezi uliopita watu waliubofya ukurasa wangu kwenye matokeo ya Google mara 118. Ya pili, kutoka Google Analytics, ilisema ziara zilizotokana na utafutaji ni 43. "Sista," akaniambia, "mimi kwa kazi yangu naichukua ile ndogo. Ukurasa hauna wateja. Tuufute, hiyo hela iende kwenye kurasa za vyumba." Mwingine akasema moja ya hizo mashine ni mwongo, tuitafute ipi.

Wauguzi wenzangu watanielewa haraka hapa. Kuna wagonjwa ambao moyo wao hupiga bila mpangilio. Kwao tunahesabu wawili kwa dakika ileile: mmoja ana stethoskopu kifuani, mwingine ameshika kifundo cha mkono. Wa kifuani anaweza kupata 110, wa mkononi 84. Hakuna aliyekosea. Baadhi ya mapigo ni dhaifu, moyo umepiga lakini damu haikufika mkononi kwa nguvu ya kusikika. Na tofauti ile ya 26 hatuitupi wala hatuigawanyi katikati. Tunaiandika kwenye chati, kwa sababu inatueleza hali ya moyo.

Search Console inahesabu kwenye mlango wa Google: mtu ameona jina letu, akabofya. Analytics imekaa ndani ya nyumba yetu, na haianzi kuhesabu mpaka kijiprogramu chake kifunguke kwenye simu ya mgeni. Katikati ya mlango na sebule kuna mengi. Bando limekata. Ukurasa una picha nzito, mtu kachoka kusubiri. Kivinjari chake kinazuia vihesabio vya aina hiyo, na wanafunzi wetu wa Howard College wengi wana vivinjari hivyo. Halafu kuna lile ombi la ruhusa ya vidakuzi, ambalo tovuti nyingi zimeliweka tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2018; nasi tuliliweka kwa ajili ya ndugu walioko huko. Kwa jinsi tulivyoipanga tovuti yetu, anayekataa anasoma kama kawaida ila hahesabiwi. Kwa hiyo 118 kwa 43 inaniambia kwanza kwamba ukurasa wetu ni mzito na kwamba watu wetu wanapenda faragha. Haisemi kwamba hawaji.

Mambo huweza kugeuka pia. Analytics kwenye fungu la utafutaji inajumlisha wanaotoka Bing, DuckDuckGo na kwingineko, na Search Console haijui habari zao. Ukiona Analytics imezidi, usishangae.

Tarehe nazo zina vituko. Mweka hazina alikuwa amelinganisha siku kwa siku, na kila Jumatatu ikamtia wazimu. Ripoti ya kila siku ya Search Console inafuata saa za California. Hapa Berea ikiwa saa 2 asubuhi ya Jumatatu, kule bado ni Jumapili, saa 4 au saa 5 usiku kutegemea msimu. Mama anayetafuta habari za kliniki kabla ya kwenda kazini Jumatatu anaandikwa Jumapili na moja, Jumatatu na nyingine. Linganisheni wiki nne kwa wiki nne, ugomvi huo utakwisha wenyewe.

Jambo lililoniuma zaidi ni jingine. Search Console hutoa orodha ya maneno ambayo watu waliandika. Kaka akajumlisha mistari ya orodha, akapata 37 wakati jumla ya juu ni 118. Akadhani wametuibia. Kumbe Google huyaficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache tu, ili asitambulike aliyeuliza. Ni ulinzi mzuri, sina neno nao. Ila fikiria maana yake kwa lugha kama yetu ugenini. Wa Goma anaandika kwa Kiswahili chake, wa Mombasa kwa chake, mwanafunzi anachanganya na Kiingereza, na kila mmoja ana tahajia yake. Karibu kila swali letu ni la watu wachache. Kwa hiyo maswali yetu ndiyo ya kwanza kutoweka kwenye orodha, na asiyejua atasema Waswahili hawaulizi kitu.

Na WhatsApp je? Kiungo kikisambaa kwenye kundi la akina mama, Analytics mara nyingi haioni kilikotoka, inakiweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja. Dada mmoja akitafuta Google mara moja na kuwatumia kumi, utafutaji unapata sifa ya mmoja.

Kaka alikuwa na karatasi ya tatu pia, ya mwaka 2022, kuonyesha kwamba wasomaji wameporomoka. Hiyo tuliikunja. Analytics ya zamani iliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na hii mpya inapotaja "watumiaji" haina maana ileile ya zamani. Kulinganisha hizo mbili ni kama kupima joto kwapani leo, mdomoni kesho, kisha kutangaza homa.

Nami sitaki ionekane nashabikia namba kubwa kwa kuwa ukurasa ni wangu. Google wenyewe waliwahi kuanzisha Google Flu Trends mwaka 2008, wakikisia mafua ya Marekani kutokana na watu wanavyotafuta. Msimu wa 2012 hadi 2013 makisio yao yalikaribia mara mbili ya ziara za wagonjwa wa mafua zilizoripotiwa na madaktari, na mwaka 2015 makisio hayo yakasimamishwa. Anayetafuta si lazima awe mgonjwa. Mibofyo 118 si watoto 118 waliochanjwa.

Kikao kilikubali ukurasa ubaki hadi Desemba, nasi tupunguze uzito wa picha na kuona kama zile namba mbili zitasogeleana. Katika maneno machache yaliyoonekana, wengi huandika "kadi ya kliniki", hivyo kichwa cha ukurasa sasa kina maneno hayo badala ya "ratiba ya chanjo". Chini nimeongeza ombi: ukishampeleka mtoto, tuma neno "nimekwenda" kwa namba ya chama. Wiki ya kwanza zilikuja tatu. Moja ni ya baba aliyeko Pietermaritzburg, akiuliza kama kadi ya Mwanza ina faida yoyote huku. Nilimjibu aende nayo, asiiache nyumbani, maana nesi anahitaji kuona tarehe za dozi ambazo mtoto amekwisha kupata.