Kumbe Nyimbo Nazo Zinasomewa?

Mwenzako akikuambia anataka kusoma digrii ya pili, unafurahi. Je, akisema ni ya vyombo vya habari na utamaduni pendwa, yaani magazeti, muziki, filamu na vichekesho vya kwenye simu? Wengi wetu tutacheka kwanza, halafu tuulize, "Italipa?"

Kwetu swali hilo lilikutana na hela ya matofali. Mume wangu ni mtoto wa Ujiji, tuna kiwanja Mwanga, na ada ingemeza karibu akiba yote ya ujenzi. Baba yake mdogo hakuzunguka: "Mwanangu, mtu mzima anakwenda chuo kikuu kusomea nyimbo?"

"Baba, Ujiji yenyewe imejulikana duniani kwa sababu ya gazeti," akajibiwa.

Na ni kweli. Henry Morton Stanley, aliyeingia Ujiji Novemba 1871, alikuwa mwandishi wa New York Herald, na gazeti ndilo lililogharamia safari. Ulaya na Marekani habari ikawa kwamba David Livingstone amepatikana. Lakini kwa watu wa Ujiji mzee huyo hakuwa amepotea, walikuwa wakiishi naye! Susi na Chuma, waliotembea naye miaka mingi, walibaki pembeni mwa hadithi. Hao na wenzao ndio waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo baada ya kufariki mwaka 1873.

Hicho ndicho kinachosomwa darasani: nani anasimulia, nani analipa, nani anaachwa nje ya picha. Chukua mfano mwingine. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo mji unaitwa "mwisho wa reli". Kwa anayeshuka melini akitokea Kongo, reli inaanzia hapo! Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz na Mwasiti wakiwemo, walitoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite. Mume wangu anasema ndipo alipoacha kuwadanganya washikaji wa Dar kwamba kwao ni Tabora.

Masomo haya yanaingia hadi chumbani. Nani alitufundisha kwamba mapenzi ni gari, ukumbi na keki ya ghorofa? Tuliyaona kwenye video za muziki kabla hata hatujapata wachumba. Wapenzi wangapi wanagombana kwa sababu ya maisha ambayo wameyaona kwenye skrini tu?

Sisemi utoe ada umefumba macho. Sisi tulikaa na karatasi na kalamu. Kiwanja hakiuzwi, ujenzi unasubiri miaka 2, yeye habwagi kazi, anasoma jioni. Kila muhula tunaangalia nafasi zinazotangazwa redioni, kwenye kampuni za matangazo, utafiti na mawasiliano. Baba mdogo bado hajaridhika, ila siku hizi akisikia kipindi anauliza nani kakilipia.

Kwa hiyo mwenzako akikuletea fomu ya chuo, swali la hela liulize, ni haki yako. Lakini kabla ya hilo muulize, "Unataka kujua nini?" Kisha mwache amalize kujibu.

Tukutane mwezi ujao.