FEZA YA MALEZI IKIKATWA KUPITA HAKI, IRUDI KWA MWENYEWE



Kila mwisho wa mwezi, katika miji ya migodi, Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi, kuna wanaume wanaosimama mbele ya biro ya mishahara, karatasi mkononi, wakiuliza: «Mbona wananikata hata leo?» Mmoja, mtoto wake amekwisha kurudi kukaa naye. Mwingine, deni la miezi ya nyuma amekwisha kulimaliza. Wa tatu, tribinali imepunguza kiasi cha feza, lakini kalamu ya biro inaandika kile kile cha zamani. Wanajibiwa: «Ngoja mwezi ujao.» Mwezi ujao unakuja, wanakatwa tena.

Sisi makarani wa mgodi, ambao kazi yetu ni majina na hesabu za watu, tunaona ya kwamba jambo hili lisemwe waziwazi. Wengine wanasema ni maneno ya nyumbani, ya mume na mke walioachana, hayafai gazetini. Hapana. Mshahara ni jasho la mtu. Ukichukuliwa pasipo haki, hata kama ni franka kidogo, hata kama ni kwa jina la mtoto, ni neno la watu wote.

Lakini kwanza tusikilizane vizuri. Hatuandiki haya kwa kuwasaidia wanaume wanaokimbia watoto wao. Mwanamume aliyezaa na alishe. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inasema ya kwamba kutunza na kufundisha watoto ni haki ya wazazi na tena ni kazi yao ya lazima. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya tarehe 15 Julai 2016, inalazimisha wazazi na watoto kulishana, kadiri ya shida ya yule anayeomba na kadiri ya uwezo wa yule anayetoa. Basi baba asiyelipa, akikatwa mshahara, asilie. Amejitakia mwenyewe.

Sisi tunasema juu ya yule aliyelipa, akamaliza, na bado anakatwa. Huyu naye ana haki, na haki yake haikuanza leo.

Kuna dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni. Iliandikwa wakati wa Leta ya Léopold II, na hata leo tribinali zetu zinaitumia. Ndani yake mna neno jepesi la kufahamu: kila malipo yanataka deni, kilicholipwa pasipo deni kinaweza kudaiwa kirudi, na mtu aliyepokea kisicho chake, kwa kujua ao kwa kutojua, analazimika kukirudisha. Wazee wetu wangecheka kusikia ya kwamba Leta ile ile iliyowatuma porini kutafuta mpira kwa nguvu iliandika maneno ya namna hii. Lakini sheria ikiwa njema, tuitumie sisi wenyewe, kwa faida ya watu wetu.

Sasa tusidanganyane. Si kila feza ambayo mtu anaona imepita ni feza ya kurudishwa. Tutenge mambo matatu.

La kwanza ni zawadi. Ulimnunulia mtoto viatu, ukampelekea madaftari, ukamwongezea mama yake franka za sikukuu. Hayo uliyatoa kwa moyo wako. Usiende leo tribinali kuyahesabu kama malipo. Kilichotolewa kwa hiari hakirudi, tena baba anayedai viatu vya mtoto wake atachekwa na mtaa mzima.

La pili ndilo linalowapoteza wengi. Hukumu haifi yenyewe. Tribinali ikisema utatoa kiasi fulani kila mwezi, neno hilo linasimama mpaka tribinali ibadilishe. Mtoto akirudi kwako, hukumu bado iko. Ukipoteza kazi ao ukishushwa mshahara, hukumu bado iko. Hata mtoto akipata miaka 18, usiseme deni limekufa usiku ule. Kama angali masomoni na hana kitu, sheria ya kulishana kati ya mzazi na mtoto haimtupi kwa sababu ya sikukuu ya kuzaliwa. Basi mtu aliyekaa miaka miwili na mtoto nyumbani kwake, asiende kwa mwamuzi, asiandike barua, akitegemea ya kwamba mama wa mtoto ataona haya, mtu huyo atapata taabu kubwa kudai. Ataambiwa: «Kila mwezi ulilipa kama ilivyoandikwa.» Ndiyo maana tunasema: siku mambo yanapobadilika, ndiyo siku ya kwenda kwenye tribinali ya amani kuomba kiasi kipunguzwe ao kiondolewe. Kila mwezi unaongoja ni mwezi unaotupa.

La tatu ndiyo feza iliyopita kweli: biro ilikata kupita hukumu, ao hukumu mpya ilifika na biro ikaendelea na ya zamani, ao deni la nyuma lilikwisha na bado linakatwa, ao feza ilikatwa na biro mbili kwa mwezi mmoja, kwa sababu mtumishi alihama kazi. Hii ndiyo inayodaiwa.

Tutoe mfano wa hesabu, kila mtu afahamu. Tuseme mtumishi anakatwa franka 90.000 kwa mwezi: 60.000 ni za malezi ya mwezi ule, na 30.000 ni za kulipa deni la zamani la franka 360.000. Miezi 12 ikipita, 30.000 mara 12 ni 360.000, deni limekwisha. Biro inaendelea kukata 90.000 kwa miezi 8 tena. Yule ndugu, kwa hasira, anasema: «Wameniibia 90.000 mara 8, yaani 720.000!» Hapana, ndugu. Zile 60.000 zilikuwa za mtoto na zinabaki za mtoto. Iliyopita ni 30.000 mara 8, yaani franka 240.000. Dai 240.000, wala usiongeze franka moja. Mtu anayedai kupita haki yake anaharibu hata ile haki aliyokuwa nayo.

Sasa unadai kwa nani? Hapa wengi wanakimbilia mlango wa mama wa watoto na kufanya kelele usiku. Ni vibaya, tena ni upumbavu, kwa maana pengine feza hazikumfika. Uliza kwanza: feza iko wapi? Kama biro ilikata na haikutuma, feza ni ya biro kurudisha, mama hana neno. Kama biro ilikata kupita kiasi kilichoandikwa, mwenye kukata ndiye ajibu, maana hakuna mtu aliyempa ruhusa ya kugusa sehemu ile ya mshahara. Kama feza ilipita na kumfika mama kweli, basi yeye ndiye aliyepokea, na kwake itadaiwa. Lakini hata hapa kuna tofauti. Mama aliyepokea kwa moyo safi, akanunua unga na kulipa masomo, asisumbuliwe kama mwizi. Yule aliyejua mtoto hayuko kwake tena na akaendelea kupokea kimya, huyo sheria inamtazama kwa ukali zaidi.

Na hata mama anayepaswa kurudisha, arudishe polepole. Katika mfano wetu, franka 20.000 kwa mwezi, kwa miezi 12, zinatosha 240.000. Mapatano yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe sahihi na wote wawili mbele ya washuhuda, na kila mmoja abaki na yake.

Neno moja tunalisema kwa nguvu. Ndugu usijilipe mwenyewe kwa kuacha kutoa chakula cha mtoto. Tunasikia wanaume wakisema: «Walinikata miezi 8 ya bure, basi na mimi nitakaa miezi 8 pasipo kutoa.» Deni la mtu mkubwa halilipwi kwa tumbo la mtoto. Mtoto hakupokea feza, hakutia sahihi, hajui hesabu. Chakula cha mwezi huu ni cha mwezi huu. Tena ukiacha kulipa, wewe uliyekuwa mwenye haki unageuka mwenye kosa, na mbele ya mwamuzi ndilo litakalosomwa kwanza.

Njia ya kufuata ni hii. Wazee wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua karatasi zote za mshahara tangu siku ya kwanza kukatwa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa mtumishi hesabu ya mshahara kwa maandishi kila anapolipa. Kama hukupewa, iombe. Chukua na nakala ya hukumu. Kama imepotea, nenda kwa karani wa tribinali iliyokata neno. Weka mwezi kwa mwezi: kilichoamriwa, kilichokatwa, kilichopita. Kisha andikia biro barua, uipeleke mwenyewe, wakutilie kashe na tarehe kwenye nakala yako. Maneno ya mdomo mbele ya dirisha la biro hayana ushuhuda.

Biro ikikataa ao ikinyamaza, mwite delege wa sendika. Ndiyo kazi tuliyompigia kura, si kutembea na kitabu kwapani. Ikishindikana, nenda kwa Inspekta wa kazi, kwa maana ugomvi wa mtumishi na mwajiri ni lazima upite kwanza kwake kwa mapatano mbele ya kufika tribinali ya kazi. Ikiwa ugomvi ni na mama wa mtoto, hiyo si kazi ya Inspekta, ni kazi ya tribinali ya amani. Usikawie: madai ya mshahara yana muda wake, na muda huo ni mfupi. Haki iliyolala mno haiamki tena.

Hayo ni ya mtumishi. Lakini si haki kumbebesha yeye peke yake mzigo wote. Kuna wakubwa nao tunaowaomba waamke.

Kwa kompani tunasema: kwenye karatasi ya mshahara msiandike tu neno moja «kukatwa». Andikeni hukumu gani, kiasi gani ni cha mwezi huu, kiasi gani ni cha deni la nyuma, na deni hilo linabaki kiasi gani. Mtu akiona deni likipungua mwezi kwa mwezi, ataona na siku linapokwisha, na biro nayo itaona. Siku ile kukata kusimame pasipo kungoja mtu aje kulia dirishani. Biro inayojua kukata toka mwezi wa kwanza haiwezi kusema haijui kuacha.

Kwa tribinali tunasema: hukumu ya malezi isomwe kwa wote wawili katika lugha wanayoifahamu. Waelezwe ya kwamba mambo yakibadilika warudi, na waonyeshwe mlango wa kurudia. Mchimbaji anayetoka shimoni saa kumi na mama anayeuza mboga sokoni hawawezi kubuni peke yao yaliyo ndani ya karatasi ya Kifaransa.

Kwa wamama tunasema: msiogope maneno haya. Hesabu safi inawalinda ninyi pia. Mwanamume anayeona ya kwamba analipa kile tu anachopaswa kulipa, anakosa sababu ya kukimbia. Wangapi wameacha kazi, wamehamia machimbo ya mbali pasipo kuacha jina, wakisema: «Afazali nisilipwe kuliko kulipwa na kukatwa pasipo mwisho»? Hapo mtoto amekosa vyote, franka zilizopita na franka za haki. Kosa dogo la kalamu, lisiposahihishwa, linamnyima mtoto baba.

Na kwa wababa: feza yako ikirudi, usiende kuimaliza kwenye pombe na kuwaambia watu ya kwamba umemshinda mwanamke. Hakuna aliyeshindwa. Hesabu imenyoshwa, basi. Endelea kutoa zile za mtoto kila mwezi, kamili, na ubaki na karatasi zako.

Tunataka inchi ambamo mtu mdogo akikatwa franka moja kupita haki anaweza kuuliza, akajibiwa kwa maandishi, na franka yake ikarudi. Mwezi huu, kila mtumishi anayekatwa kwa ajili ya malezi atoe karatasi zake sandukuni, akae na kalamu, ahesabu. Asiyejua kuhesabu, amfikie karani wa jirani. Sisi tuko tayari.